Jina la Mama Kinjal

Wenzangu wa darsa, tangu nirudi, kila Jumatano mnaniuliza yale yale: Saudia kulikuwaje, mbona nimekonda, na mbona nikianza kusimulia nanyamaza katikati. Nanyamaza kwa sababu mmoja wenu anaingilia kuuliza bei ya dhahabu, mwingine anataka kujua kama kweli maji huko ni ghali kuliko petroli, na mimi napotea njia. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, chai ikiwa karibu, na asiyekuwepo asomewe. Habari za ofisi, vipimo vya damu na picha za pasipoti nimeziruka, kwa sababu hakuna kati yenu asiyekuwa na ndugu aliyepitia huko.

Jambo moja niwakumbushe kwanza. Mama alikuwa amekwisha kupooza upande wa kulia nilipoondoka. Siku ya kuniaga hakutaka kuahidiwa zawadi. Aliniita karibu na kitanda, akanishika kwa ule mkono wake mzima, akasema, "Ukijaaliwa kufika Makka, niombee. Na unitaje kwa jina langu. Usiseme Mama Mwanaisha. Sema Mwanahamisi binti Kombo."

Nilicheka, maana tangu nizaliwe mimi hakuna aliyemwita hivyo. Mtaa mzima wa Kisauni ni Mama Mwanaisha huku, Mama Mwanaisha kule, na jina lake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kadi ya kliniki. Yeye hakucheka. Nikamwahidi. Mshahara ndio ulionipeleka, siwafichi, lakini ahadi ile ndiyo niliyokuwa nikiamka nayo kila siku kwa miaka miwili.

Kisauni hadi Riyadh

Tuliondoka wanawake kumi na wawili, tumevishwa mitandio ya rangi ya machungwa ili tusipotee. Ilikuwa miaka ile ambayo kila ghorofa mjini ina ofisi ya kupeleka watu Ghuba, na pale uwanjani Nairobi kulikuwa na kundi la mitandio ya kijani na kundi la mitandio ya zambarau. Tulifanana na watoto wa chekechea wanaopelekwa kuona wanyama.

Ndege ya pili ilichelewa. Tulikaa saa kumi na moja kwenye sakafu ya uwanja wa nchi nisiyoijua, tukila biskuti na mahamri ya mama yaliyokuwa yamekwisha kuwa magumu. Wenzangu walikuwa na hofu ya lugha. Mimi nilijigamba. Niliwaambia nimesoma madrasa mpaka nikawa nasomesha, Kiarabu kisiwape taabu, watakuwa na mimi.

Tulipotua Riyadh asubuhi nikajitokeza mbele kwa afisa, nikamsalimu na kumweleza hali yetu kwa Kiarabu changu chote, kila herufi mahali pake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka sana, si kwa ubaya, kama sisi ambavyo tungecheka mgeni akija kununua mchicha kwa lugha ya hotuba ya Ijumaa. Akanijibu kitu, na sikuelewa hata neno moja. Kuanzia hapo sikujigamba tena kwa lolote.

Nyumba ya kungojea

Walitupeleka Manfuha, kwenye nyumba kuukuu ya ghorofa mbili, tukae mpaka kila mmoja achukuliwe na kafili wake, yaani huyo tajiri ambaye jina lake limeandikwa kwenye viza yako. Dirisha la chumba chetu liliangalia uchochoro na ukuta. Tulikula mkate mpana wa tamis na maharage, asubuhi na jioni, na ulikuwa mtamu, sina la kusema.

Kila gari lilipofunga breki nje, kumi na wawili sisi tulikuwa tunatengeneza mitandio. Anaitwa mmoja, anakumbatia wenzake, anakwenda. Siku ya kwanza walikwenda wanne. Siku ya tatu tukabaki watatu. Siku ya tano nikabaki mimi na magodoro kumi na moja matupu. Msimamizi wa nyumba alikuwa mama asiyejua neno langu hata moja, na mimi vilevile lake. Alikuwa ananiletea mkate, ananiangalia, anatikisa kichwa. Nilianza kuogopa kwamba nimesahauliwa, na kwamba hakuna mtu katika nchi ile yote mwenye haja na mimi. Upweke niliuonja hapo kwa mara ya kwanza. Kumbe ulikuwa wa kuonjeshwa tu.

Siku ya sita akaja Mhindi mmoja wa makamo, miwani, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Nikamdhani dereva. Nikabeba begi langu na kumuuliza kwa Kiingereza, "Bosi yuko wapi?"

Akajitazama chini kama anayehakikisha. "Bosi ni mimi," akasema.

Wenzangu, mnajua mama yangu alifua na kupika kwa Wahindi wa Makadara miaka kumi na tisa. Mimi nimepanda ndege mbili, nimelala sakafuni, nimechekwa uwanjani, ili nije kufanya kazi ya Mhindi ambaye ningempata kwa kuvuka daraja la Nyali. Nilicheka peke yangu nyuma ya gari mpaka Baba, ndivyo nilivyokuja kumwita, akaniangalia kwenye kioo kwa wasiwasi.

Ghorofa ya nne, Riyadh

Baba alikuwa mhandisi, ofisi yake Olaya. Yeye alikuwa amekaa Riyadh muda mrefu, lakini mkewe alikuwa amemleta miezi minne tu kabla yangu, kutoka Rajkot, jimbo la Gujarat. Alikuwa mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kama mitatu, nywele amesuka mkia mmoja mpaka kiunoni. Pembeni yake mtoto wa kike wa miaka minne, Pinki.

Nilikuwa nimejiandaa kuogopa madam. Nikakuta madam anaogopa kuliko mimi. Kwao, alinieleza baadaye, nyumba ina ua, na ua una jirani, na jirani anaingia bila hodi. Hapa kulikuwa na madirisha yaliyobandikwa karatasi nyeusi na mlango unaofunguliwa Baba akirudi saa kumi na moja. Kutoka nje bila Baba haikuwezekana kwake, seuze mimi. Tulikuwa wanawake wawili wazima tunaosikiliza lifti.

Tulielewana jikoni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na changu ndugu yake, lakini nilipofungua makopo nikataja achari, chapati, bhajia, dania, alinikodolea macho kama nimemwimbia wimbo wa kwao. Nami nilijua mambo ambayo mama alinifundisha: nyama isiingie, yai lisiingie, na lile kabati dogo la juu lenye taa na picha za miungu yao nisiliguse. Alilifungua mwenyewe kila asubuhi, na mimi nikawa nageuka kwenye sinki. Wakati wa sala zangu, yeye alimchukua Pinki chumbani na kumnyamazisha. Hatukupangana. Ilikuwa hivyo tu.

Pinki aliniita Anti, mamake akafuata, na Baba naye. Mimi nilimwita mamake madam. Mumewe alimwita Mama Kinjal, kwa lugha yao, na yeye akamwita Baba Kinjal. Nilimuuliza kwa nini, akanieleza kwamba kwao mke halitamki jina la mume kwa kinywa chake, ni adabu, na mume naye anarudisha adabu hiyo. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo hivyo, mtu akizaa jina lake linastaafu. Tulicheka sana siku hiyo. Kila mmoja alifurahi kwamba ameeleweka.

Kinjal ni binti yao mkubwa, wa miaka kumi na moja, waliyemwacha India kwa bibi yake mzaa baba ili asome. Kila Ijumaa mchana simu ilikuwa yetu. Mimi nilipewa kwanza, dakika chache, namuuliza mama hali, naye ananiuliza, "Umeshafika?" Najibu bado. Halafu madam anapiga India. Nilikuwa nasikia sauti nyembamba ikisema maneno mawili matatu, kisha sauti ya mtu mzima. Kinjal alikuwa amekataa kuongea na mamake. Ijumaa ya kwanza ana masomo, ya pili anaoga, ya tatu hata kisingizio hakuna. Simu ilikuwa ikikatika, madam anaiacha sikioni, anajifanya anasikiliza.

Halafu kutoka sebuleni sauti ya Baba: "Mama Kinjal, chai." Naye anainuka, anaitika. Nililisikia hilo kila Ijumaa kwa zaidi ya mwaka na sikulifikiria hata mara moja.

Habari za Makka nilimwambia Baba mwezi wa tatu. Alisema tutaona. Nilimwambia tena baada ya Ramadhani. Akasema ni mbali, Anti, mbali sana. Hakuwa mtu mbaya, lakini ni mtu ambaye akisema tutaona, huoni.

Siku aliporudi akasema ofisi imemhamishia Jeddah, nilikuwa nakuna nazi. Mtu yeyote wa darsa anajua Jeddah na Makka zilivyo jirani. Nilisali rakaa mbili jikoni hapo hapo.

Barabara ya Taif

Tulitoka alfajiri. Gari lilikuwa na masufuria, mito, gunia la mchele, lile kabati la miungu limefungwa kwa shuka, na godoro juu ya paa. Godoro hilo lilitusimamisha mara tatu kabla ya saa nne. Baba alikuwa anashuka, anakaza kamba kwa hesabu zote za uhandisi, na baada ya nusu saa kona moja inaning'inia tena dirishani kwa Pinki, naye anaishangilia.

Kuhusu jangwa sina mengi. Ni mchanga, halafu ni mchanga. Ngamia wachache, nguzo za umeme, na wewe unaangalia mpaka unasahau kwamba unaangalia.

Adhuhuri tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Madam akatoa chapati zao za uwatu na achari, wakala ndani ya gari. Baba akaenda mgahawani, akarudi na boksi moja, akanipa mimi na kunionyesha ukingo wa saruji nje kabisa, mbali na gari. Nikaelewa kwamba leo nimetengwa. Mwaka na nusu nimekula nao chakula kimoja, na leo mbele ya watu naonyeshwa nje. Niliketi pale na hasira. Nikafungua boksi.

Kulikuwa na nusu kuku juu ya wali wa kabsa. Nilitazama garini. Madam alikuwa ameshusha kioo kidogo, akanifanyia ishara ya mkono: kula, kula. Ndipo nikaelewa. Alikuwa amehesabu muda ambao sijala nyama, akamtuma mumewe anunue kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi hata kukigusa, na hakiwezi kuingia ndani ya gari lenye lile kabati. Niliona aibu.

"Bismillahi, kuku jamani," nikasema kwa sauti, peke yangu.

"Dada, wewe ni wa Mombasa?"

Kulikuwa na lori limeegeshwa hatua chache, na mwanamume amechuchumaa akikagua tairi. Nikataka kugeuka.

"Usigeuke," akasema. "Mimi naongea na tairi, wewe ongea na kuku wako. Hapa tukiangaliana ni shida."

Basi nikaongea na kuku. Alikuwa Mkamba wa Machakos, anaendesha lori la maji, mwaka wa tatu huo. "Kiswahili naongeanga na redio," akaniambia, "na redio yenyewe imezimwa." Aliniuliza kama Nairobi bado kuna jam. Nikamwambia mimi nilipita usiku tu. Akasema hata hiyo ni habari.

Nikamwambia nakwenda Jeddah na kwamba nataka kufika Makka. Akagonga tairi kwa spana.

"Mabosi wako ni Wahindi wa ile dini yao?"

"Ndio."

"Basi jua kitu moja usishtuke. Ukipita Taif utaona barabara imegawanyika, vibao viwili. Ya Waislamu inaenda moja kwa moja. Yetu sisi wengine inazunguka mbali. Mtazunguka na sisi."

"Sasa nitafikaje?"

"Jeddah kuna mabasi madogo. Wamama wanaenda kila wiki. Tafuta Waswahili, dada, wako. Mimi siwezi ingia huko, lakini nishapeleka mizigo mpaka kwa hiyo kibao mara mob." Akainuka, akajipangusa mikono. "Haya tairi, tumeonana."

Hatukuulizana majina. Namkumbuka kila nikiona lori la maji.

Aliyosema yalikuwa kweli. Tulipita Taif, tukaanza kuteremka mlima kona kwa kona, nyani wamekaa ukingoni wakingoja kutupiwa matunda kama wale wa kwetu, Pinki anawapungia. Chini, barabara ikagawanyika. Kibao kilikuwa kikubwa chenye herufi nyeupe, huwezi kusema hukukiona. Baba alipunguza mwendo. Aliniangalia kwenye kioo. "Samahani, Anti," akasema, na akakata kona.

Mjukuu wa Kombo alikuwa kwenye gari la watu, ameshika sufuria mapajani, anaiacha Makka upande. Nililia. Sikujificha. Madam alimuuliza mumewe kibao kimesema nini, akamwambia. Aligeuka kwenye kiti chake, akanitazama, na hakuniondolea macho mpaka tukaona taa za Jeddah.

Ruwais

Tulipata nyumba ya zamani Ruwais, ghorofa ya tatu. Bahari ilikuwa karibu, nilinusa chumvi yake kila siku, na kwa miezi mitano ya kwanza sikuiona. Lakini nyumba ilikuwa na paa la kuanikia nguo, na paa lilikuwa na anga. Wiki ya pili nikiwa naanika shuka nikasikia paa la pili mtu anamgombeza paka.

"Nenda zako huko, mlafi mkubwa we. Samaki wa mwenzio huyo, hebu ona haya."

Shuka lilinidondoka. Nilikwenda kwenye ukuta nikaita hodi kama mwendawazimu. Akatokea bibi mnene wa kanga, miwani kichwani.

"Karibu. Nani wewe unobisha hodi kwenye anga?"

Huyo alikuwa Bi Shekha, Mzanzibari, aliyeolewa Jeddah angali msichana na akabaki. Alikuwa na ulimi kama pilipili na kila Alhamisi alikuwa anapeleka Makka basi dogo la wanawake, dereva ni mjukuu wa dada yake. "Nafasi ipo," akasema. "Ruhusa yako ndo kazi yako, si yangu. Na uje na ikama, mimi sitaki kesi na watu wa barabarani."

Ikama, kile kitambulisho cha ukaazi, Baba alikuwa anakifungia kwenye droo yake. Nilimuomba. Safari hii hakusema tutaona. Alisema, "Mafi, Anti. Halas," yaani hakuna, imekwisha. Alinieleza kwa upole kwamba wanawake wengi wanatoka na hawarudi, na anayeulizwa ni kafili. Akitokewa na hilo kazi yake itaingia matatani, yeye na familia watarudi India mikono mitupu. Nilimuelewa, na kumuelewa kulinimaliza zaidi, kwa sababu sikuwa hata na wa kumkasirikia. Ijumaa mama aliniuliza, "Umeshafika?" na ulimi wake ulikuwa mzito kuliko wiki iliyopita.

Siku ya Jumatano nilikuwa nakunja nguo nikasikia sauti ya madam chumbani imepanda. Katika miaka yote sikuwahi kuisikia ikipanda. Walisema kwa lugha yao, nikaokota Anti mara kadhaa na Kinjal mara nyingi.

Alhamisi asubuhi Baba akaenda kazini bila kuniangalia. Madam akaja mlangoni nilipokuwa nimesimama na buibui langu, sijui kama ninakwenda au sendi. Mkononi alikuwa na ikama yangu. Kabla ya kunipa akaisoma, polepole, midomo ikicheza.

"Mwanaisha," akasema. "Karibu miaka miwili nakuita Anti. Jina lako zuri."

Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo katika nchi ile isipokuwa kwenye simu.

"Nimemwambia utarudi," akaendelea. "Nimesema mimi ndiye dhamana yako: wewe usiporudi, mimi nitamfuata Kinjal, na sitarudi kwake." Akanipa ikama. "Huko mimi siwezi kuingia. Lakini wewe, ukimaliza ya mama yako, niombee na mimi. Omba Kinjal aongee na mimi. Mara moja tu. Utanitaja?"

"Nitakutaja," nikasema.

Makka

Basini tulikuwa wanawake tisa. Bi Shekha alikaa mbele na mfuko wa visheti, akavigawa na amri. Kuwe na wudhu. Mtu asipotee. Na jambo la mwisho: kila mmoja aandike majina ya watu wake sasa hivi. "Mkiiona Kaaba mtasahau hata mliozaliwa nao," akasema. "Mimi mara ya kwanza nilimsahau mume wangu. Mpaka leo hajanisamehe, na amekufa."

Kalamu ikapita. Ilipofika kwangu nikaandika kwenye kiganja: Mwanahamisi binti Kombo. Chini yake nikaweka nukta ya kuandika jina la pili, na kalamu ikasimama.

Sikulijua.

Nilifikiri litakuja. Nilirudi nyuma kichwani, siku ya kwanza mlangoni, makopo ya viungo, mwaka mzima jikoni, godoro, kuku. Madam. Mama Kinjal. Nilijua anapenda chai na iliki mbili, najua anaogopa ngurumo, najua sehemu ya mkia wa nywele inayoanza kuwa na mvi na anavyoificha. Nimefua nguo zake za ndani. Ametia rehani ndoa yake kwa ajili yangu asubuhi ile, na jina lake sijawahi kuliuliza. Na hapo hapo mama yangu mzazi alikuwa amenituma na ombi moja tu duniani, asiitwe kwa jina la mtoto wake.

Nikamuuliza Bi Shekha, kwanza kama inafaa kumuombea asiye wa dini yetu. Akasema, "Kumtakia mtu kheri na mwanawe nani kakukataza? Muombee na uongofu." Nikamwambia la jina. Akaishusha miwani kutoka kichwani, akanitazama. Akasema, "Mtaje ulivyozoea. Mungu anamjua."

Nilichokiona Makka sitakiandika. Nilitufu kuizunguka Kaaba, nilisai kati ya Safa na Marwa, miguu ilivimba. Nilisimama mahali ambapo naweza kuiona Kaaba, nikainua mikono, nikasema Mwanahamisi binti Kombo, nikalirudia mara nyingi, kwa sauti, mpaka mwanamke wa pembeni akaitikia amina kwa lugha yake. Halafu nikasema, "Na Mama Kinjal." Lilitoka hivyo, na lilinikwama. Niliona ni kama nimekwenda mlangoni kwa mkubwa kupeleka barua ya mtu na bahasha haina anwani.

Tulirudi kabla ya magharibi, dumu la zamzam mapajani. Madam alikuwa nyuma ya mlango. Alifungua kabla sijagonga.

"Ulinitaja?"

Ningeweza kusema ndio na yakaisha. Nikasema, "Nilisema Mama Kinjal. Jina lako silijui, madam. Nisamehe."

Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha viatu pale mlangoni, akaangalia mikono yake.

"Jasumati," akasema. Alilisema kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani. "Baba yangu ndiye aliyekuwa ananiita hivyo. Amekufa kabla Kinjal hajazaliwa."

Kisha akaniomba nimwambie ndani kulikuwaje. Nikakaa chini, miguu yangu ikiwa kwenye beseni aliloniletea yeye, nikamwambia yote ambayo ninyi sijawaandikia.

Kurudi

Niliomba kwenda tena, na Baba safari hii hakukataa, lakini mjukuu wa dada yake Bi Shekha alikuwa ameuza basi, na kisha mkataba wangu ukafika mwisho. Kinjal hakuongea. Kila Ijumaa nilisikia ile sauti nyembamba, maneno mawili, basi. Baba akiita "Mama Kinjal, chai," mimi nilikuwa naenda kuipeleka mwenyewe.

Walinisindikiza uwanjani wote watatu. Pinki alilia, Baba akanishukuru kwa maneno rasmi, akanipa kalamu moja kati ya mbili za mfukoni. Madam alisimama nyuma yake. Nilikuwa nimekwisha kupita kamba ya foleni nilipogeuka. Wahindi wa Makadara, mama alinifundisha, mwanamke mtu mzima wanamwongezea ben, yaani dada, ndiyo heshima yao. Nikaita, "Jasumatiben."

Yeye aliinua kichwa. Na Baba, wenzangu, Baba aligeuka huku na huku kuangalia ni mwanamke gani anayeitwa.

Nilimkuta mama hai, alhamdulillahi, ninyi mliokuwa mkimwogesha zamu kwa zamu mnajua hali yake. Nilimpa zamzam kwa kijiko. Akauliza, "Ulinitaja?" Nikamwambia, "Nilikutaja, Mwanahamisi binti Kombo." Alifumba macho akatabasamu na ule upande mmoja unaoweza.

Yake yamekwisha. Limebaki moja, na ndilo linaloninyamazisha katikati nikisimulia. Rukia na Mwanatumu, nasikia pasipoti zenu zimetoka na mtaondoka Shaabani. Wengine mtafuata, Mungu akijaalia, na mimi sidhani kama nitarudi. Majina ya watu wenu mtayaandika, najua. Naomba mniachie nafasi ya moja kwenye kiganja. Mtoto aongee na mama yake, mara moja tu, hilo ndilo ombi lenyewe. Msiseme Mama Kinjal. Semeni Jasumati.